Taa ya Gari la Wifi Yangu Niliipaka Piko

Nimekosa, wenzangu, na sitafuti wa kumsingizia. Shetani namwacha apumzike, maana katika haya hakunisaidia hata kidogo. Nilifanya mwenyewe, kwa mikono yangu na kwa ulimi wangu. Jina silitoi. Wa Lanham na Wheaton wakinitambua, basi wanitambue, lakini tukikutana dukani naomba wajifanye hawajui.

Mimi ni mama wa makamo, mzaliwa wa Mombasa, na huku Maryland nimekaa miaka ya kutosha kuwa na viatu vya theluji vingi na kuvichukia vyote. Naishi na wifi yangu, mke wa marehemu kakangu. Nitamwita Rukia ingawa si jina lake, kwa sababu akiliona jina lake hapa sitapewa chai nyumbani.

Rukia ni mpishi wa arusi. Watu wetu wakiozana Bowie, au Wheaton, au hata ng'ambo ya mto huko Virginia, biriani ni la Rukia. Na masufuria yake hubebwa na gari moja kuukuu, lile la milango ya pembeni ya kuburuta, ambalo kakangu alimwachia alipofariki.

Hilo gari, nataka mlielewe, kwake si gari tu. Tasbihi ya kakangu bado inaning'inia kiooni. Kiti cha dereva kimebonyea alivyokaa yeye, na Rukia, ambaye ni mfupi, huweka mto badala ya kukisogeza. Siku moja aliniambia kwamba akiwa jikoni jioni akasikia ule mlango wa pembeni unavyokwaruza, mkono wake bado unakwenda wenyewe kuchukua sahani ya pili. Halafu anakumbuka kuwa ni mimi tu narudi kazini.

Sasa niwape habari ya kifuniko cha sufuria, maana bila hiyo mtaniona sina akili timamu.

Mamangu aliniachia sufuria kubwa la shaba, na kifuniko chake kizito chenye mkono. Zamani hizo, kakangu angali hai, Rukia aliliazima kwa arusi ya Bowie. Likarudi kichwa wazi. Nikamuuliza kifuniko kiko wapi, akasema, "Kimepotea, wifi. Nisamehe."

Sikusamehe. Yaani kwa mdomo nilisema yamekwisha, lakini nilimsema kwa kile kifuniko kila Ramadhani na kila Idi. Mtu akipoteza ufunguo mbele yangu, nilikuwa nasema, "Afadhali ufunguo," huku namtazama Rukia. Wali ukikauka, nilikuwa nasema ungekuwa na kifuniko chake usingekauka. Wageni wapya walikuwa wanaijua hadithi ya kifuniko kabla ya kujua choo kiko wapi. Rukia hakuwahi kunijibu. Alikuwa anachukua sinia, analifunika sufuria, anaendelea na kazi yake.

Basi mama yake akaugua Mombasa, ikabidi aende kumuuguza. Uwanja wa ndege, akishanipa ufunguo wa gari, akanishika mkono.

"Wifi, gari lina kipimo cha moshi. Notisi imeshakuja. Nakuomba ulipeleke, maana lisipopita watasimamisha usajili, na mimi nikirudi tu nina arusi ya Bowie."

"Unaniomba kitu gani?" nikamwambia. "Hilo ni langu. Nenda kamtazame mama."

Kwa wasiojua, huku huwezi kuendesha gari litoe moshi unavyotaka wewe. Kila baada ya muda unaitwa, unalipeleka kwenye kituo chao, linapimwa kama linachafua hewa. Likianguka, unalitengeneza na kulirudisha. Usiporudisha, namba zako hazina kazi tena.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda na gari la Rukia mpaka Wheaton, karibu na lile jumba kubwa la maduka, nikasimama kuweka petroli. Rafiki yangu Bi Salma akanipigia simu. Alikuwa na habari ya talaka ya mtu, na habari za Salma huwezi kumwambia ngoja. Nikafungua kifuniko cha tangi, nikakiweka juu ya paa la gari ili mkono upate nafasi ya kushika simu. Talaka ikanoga. Nikamaliza kuweka mafuta, nikaingia garini, nikaondoka. Mbele kidogo nikasikia kitu kinadunda barabarani. Nikamwambia Salma, "Magari ya watu wengine mabovu, yanaangusha vitu."

Nilipofika nyumbani ndipo nilipoona tangi liko wazi. Nikakata kipande cha leso kuukuu, nikakizungushia mfuko wa plastiki, nikakisokomeza pale. Ile leso, kanga ya kwetu, ilikuwa na maneno yake, na maneno yenyewe siyataji, yalinihusu mno. Baada ya siku chache taa ya njano yenye mchoro wa injini ikawaka mbele ya usukani, na haikuzimika tena.

Mtauliza, si ungemwambia tu Rukia? Hebu jiwekeni mahali pangu. Mimi, mwenye kesi ya kifuniko, nimpigie simu mtu niliyemhukumu kwa kifuniko, nimwambie nimepoteza kifuniko? Afadhali ningemeza kile kitambaa na mfuko wake.

Nilikwenda duka la vipuri. Gari lile limezeeka hata muuzaji alilitazama kwa heshima. Akanipa kifuniko cha kubahatisha, kikawa kinazunguka tu, hakibani. Akasema chenyewe hasa kinaagizwa. Nikasema nitaagiza, na kila siku nikawa na sababu ya kutoagiza. Rukia akipiga simu kuuliza habari za gari, nilijibu, "Halina neno, wifi. Mama aendeleaje?"

Siku za notisi zikaanza kwisha.

Hapo ndipo akili yangu iliponipa hesabu ambayo mpaka leo naionea haya. Nilijiambia hivi: kipimo ni cha moshi, na moshi unanuka, kwa hivyo watanusa. Pili, watachungulia kama kuna taa imewaka. Basi nikishinda pua na nikishinda jicho, nimepita.

Kwa upande wa jicho, mimi nina mkono mzuri wa piko. Maharusi wengi wa huku ni mimi niliyewachora mikono na miguu. Nikachukua brashi yangu nyembamba, nikakaa kwenye kiti cha kakangu, nikaipaka ile taa juu ya kioo chake mpaka haikuonekana. Lakini doa jeusi peke yake likaonekana la kutiliwa shaka, nikalizungushia ua dogo. Ua likataka majani, nikaliwekea. Nilipomaliza nikajisifu, wallahi, dashibodi ile ilikuwa inaweza kuolewa.

Kwa upande wa pua, nikatoa chetezo. Nikawasha makaa, nikatia udi wangu wa kupika ambao hata wageni siwatolei. Nikalifukiza gari zima, viti, mazulia na yale masufuria ya nyuma. Nikachuchumaa nje nikalifukiza na bomba la moshi. Jirani yangu alikuwa anakata majani, akazima mashine yake akanitazama. Nikampungia mkono. Halafu nikakiweka chetezo kwenye sinia, nyuma ya kiti changu, nikafunga vioo ili harufu isitoroke njiani, nikaondoka huku nakohoa.

Kituoni kulikuwa na foleni. Salma akapiga simu tena, nikamweka kwenye spika. Zamu yangu ilipofika, alikuja mpimaji, msichana wa Kimarekani mweusi, nywele za misokoto, kizibao cha kung'aa. Akaniashiria niteremshe kioo. Nikamwambia Salma, kwa sauti yangu ile ya kawaida ambayo si ndogo:

"Subiri shoga, kaja mpimaji. Hataona kitu huyu. Taa nimeipaka piko na tangi nimelitia tambara. Tena anaonekana hata gari lenyewe halijui."

Yule msichana akainama dirishani. Akasema, polepole, kila neno limepigwa pasi:

"Shikamoo, mama. Samahani kwa kuingilia mazungumzo yako. Piko ni kitu gani?"

Kwenye simu Salma alikuwa anacheka mpaka spika inakwaruza.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, maana adabu haiendi popote hata mtu akiwa anakufa. "Kumbe unasema Kiswahili."

"Nilijifunza chuo kikuu, kisha nikaishi Arusha kwa muda. Tambara ninalijua. Piko sikufundishwa."

Nikaanza kumweleza piko, wenzangu. Nimekaa kwenye gari la marehemu kakangu, foleni imejipanga nyuma yangu, namweleza mkaguzi wa serikali jinsi maharusi wanavyopambwa. Alikuwa anasikiliza kwa makini, na naamini angechukua kalamu kama si macho yake kwenda nyuma ya bega langu.

"Mama, ndani ya chombo chako mna moshi. Tafadhali shuka upesi."

"Huo udi, mwanangu."

"Udi ni kitu gani?"

Sikuwahi kujibu. Msimamizi wake alikuwa ameshaona gari limejaa moshi, na yeye hakusoma Kiswahili wala hakuishi Arusha. Alikuja mbio na mtungi wa kuzimia moto, akaburuta mlango wa pembeni, akamimina. Akamimina kwenye chetezo, kwenye masufuria ya Rukia na kwenye buibui langu. Nilishuka mweupe kama andazi lililoanguka kwenye unga. Watu wa foleni wakatoa simu zao. Salma hakuwa amekata simu, na akawa anapiga kelele, "Mwenzangu, ni nini hicho? Ni nini hicho?"

Na haya yote, jamani, yalikuwa kazi bure. Walipolipangusa gari wakaniruhusu kuendelea na kipimo, yule msichana hakulitazama lile ua. Wala hakunusa kitu. Alichukua waya, akauchomeka chini ya usukani, akangoja.

"Hata gari la zamani kama hili lina kompyuta, mama," akaniambia. "Sisi hatutazami sana. Tunaliuliza lenyewe."

Likaulizwa, likasema. Likaeleza kwamba mvuke wa petroli unatoka kwenye tangi. Gari lilikiri makosa yangu kabla yangu mimi.

"Halikupita," akasema kwa huruma. "Lakini si jambo kubwa. Tia kifuniko kinachobana, uliendeshe siku kadhaa mpaka kompyuta ijipime, kisha urudi. Waweza kuomba uongezewe muda."

Si jambo kubwa. Ningeyabeba maneno yale nikaenda nayo moja kwa moja kwa Rukia, nisingekuwa naandika haya.

Ile jioni alipiga yeye. Kwake ulikuwa usiku wa manane, yuko hospitali kwa mama yake.

"Limepita, wifi?"

"Halikupita."

"Limeangukia nini?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa, nilikuwa wa kupita tu. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Nikaiona Idi inayokuja, nikamwona Rukia anasema "Afadhali ufunguo," na watu wote wanacheka. Nikasema, "Injini, wifi. Injini imekwisha."

Nilikuwa na mpango, msidhani. Ningeagiza kifuniko kimyakimya, gari lingepita, halafu ningemwambia nimepata fundi hodari amelifufua. Nilishaanza hata kuona anavyonishukuru.

Lakini nikamsikia Rukia analia. Rukia si mtu wa kulia, mimi nilimwona akilia siku ya mazishi tu.

"Basi hata hilo limeondoka," akasema. "Sina tena kitu chake kinachotembea."

Na mimi nikampa pole. Nilimfisha kakangu mara ya pili, halafu nikatoa rambirambi. Nikamwambia wifi, jikaze, ni mapenzi ya Mungu. Lile neno ndilo linaloniamsha mpaka leo, kwamba nililitaja jina la Mungu juu ya kifuniko cha petroli.

Baada ya hapo hakuuliza tena habari za gari. Mimi nikaona ni nafuu, nikaagiza kifuniko, nikawa nangoja kije. Asubuhi moja naamka nakuta ujumbe wake. Amezungumza na watu wa vyuma chakavu akiwa huko huko, watakuja kulichukua leo. "Sitaki nirudi nilikute limelala mlangoni," aliandika. "Nitolee tasbihi tu. Na watu wa Bowie nimewaambia watafute mpishi mwingine, sina cha kubebea masufuria."

Sikumaliza kusoma mara ya pili. Lori lilikuwa linarudi nyuma kuingia kwetu, linapiga ile kengele yake.

Dereva alikuwa Mkongo, bwana mmoja mnene mpole, kofia kichwani.

"Jambo, mama. Niko nakuya kubeba gari ya kufa."

Nikamwambia arudi, haliuzwi. Akasema kwa upole kwamba mwenyewe ndiye aliyewaita, na ni mwenyewe tu wa kuwakataza. "Weye ndiye mwenyewe?" Sikuwa. Akaniomba ufunguo ili ajaribu, huenda likapanda loriini lenyewe. Nikampa, maana mikono yangu ilikuwa haina akili tena. Akaingia, akauzungusha, na gari likawaka mara moja. Likanguruma pale kwa afya zake zote, likanisaliti mara ya pili.

Akalizima. Akashuka. Akanitazama.

"Mama, hii moteri iko muzima kabisa. Nani alisema imekufa?"

"Mimi."

"Weye uko mekanisie?" akaniuliza, yaani fundi wa magari.

"Hapana. Mimi ni wifi."

"Aaa," akasema, na akatikisa kichwa kama kwamba nimemweleza kila kitu. Kisha akazunguka upande wa tangi, akafungua, akavuta kitambaa changu kikatoka chote na mfuko wake. "Na hii kikwembe inafanya nini mu tangi?"

Nikakaa kwenye ngazi nikalia. Yule bwana akakikunja kile kipande cha leso vizuri, akakiweka pembeni, akaniambia anaweza kungoja kidogo, ila ana magari mengine ya kubeba. Nikampa chai. Nikampigia Rukia.

"Wameshalichukua?" ndilo neno lake la kwanza.

"Wifi, gari halikufa. Injini ni nzima. Nilikudanganya."

Nikakitazama kile kipande cha leso pale pembeni, nikaendelea.

"Nilipoteza kifuniko cha tangi. Nilikiweka juu ya paa nikaondoka nacho."

Nikasema yote. Wheaton, simu ya Salma, leso, piko, ua na majani yake, udi, mtungi wa moto. Nilikuwa nasema nalia, nalia nasema, na yule Mkongo anakunywa chai yake anatazama juu kwa adabu. Rukia hakunikatiza. Nilipomaliza nikasema, "Nitukane. Una haki."

"Nenda garini," akasema. "Chini ya kiti cha nyuma kabisa, pale penye jeki, kuna soksi. Itoe."

Nikaenda. Nikapenyeza mkono nikaipata, soksi nyeusi ya kiume, nzito, imefungwa fundo. Nikaifungua. Vifuniko vya tangi, vipya, vya gari lile lile, vimejaa soksi nzima.

"Kakako alikuwa anavipoteza," Rukia akaniambia. "Kila akiweka mafuta yuko na simu sikioni. Mwisho akaagiza vingi akavificha humo. Aliniapisha nisikwambie. Alisema, 'Dadangu akijua, sitapumua nyumba hii.'"

Nilikuwa nimeishika ile soksi. Ilikuwa yake, naijua, nilimfulia mara nyingi alipokuwa kijana. Kakangu, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa ananificha vifuniko.

Rukia akaniambia nimpe simu dereva. Wakazungumza, akacheka, akairudisha minyororo yake loriini, gari akaliacha. Alipokuwa anaondoka akaniambia, "Mama, bakia vizuri. Na kikwembe uiache ku mwili."

Kifuniko kimoja nikakifunga, kikalia kile kilio chake cha kubana. Baada ya hapo nikawa naendesha. Naingia barabara kuu ya mzunguko, napita Bowie, napita Lanham, narudi, bila safari yoyote, ili kompyuta ijipime. Na shida nyingine mpya: sikuweza kujua kama ile taa imeshazimika, kwa sababu nilikuwa nimeipaka piko. Nikajaribu kuiondoa kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha. Kioo kikafanya ukungu, ua likabaki. Nilirudi kituoni kama kipofu, bila kujua gari limesema nini kunihusu.

Alinipokea yule yule msichana. "Shikamoo, mama. Leo umekuja bila udi?"

Akachomeka waya. Akangoja. Mimi nilikuwa nasoma dua zote ninazozijua, na hata nilizozisahau nusu.

"Limesema ni salama," akasema. "Limepita."

Nilimkumbatia pale pale, kizibao na kila kitu. Akaniuliza kwa aibu kama naweza kumpaka piko siku moja, binamu yake anaolewa. Nilimpaka. Nilimchora ua lile lile na majani yake, na safari hii mahali panapofaa.

Lakini msidhani yaliishia kwenye kukumbatiana. Arusi ya Bowie ilikuwa imeshapata mpishi mwingine, na Rukia hakuweza kuirudisha. Kazi ile ilimpita kwa ajili ya ulimi wangu. Tulikwenda kama wageni, tukala biriani la mtu mwingine, na lilikuwa bichi. Nilikula sahani nzima nikanyamaza. Salma naye alikuwa ameshaimba kwa watu. Siku hizi nikiingia mahali, kuna mtu lazima anuse hewa.

Na bado sijawaambia lililonivunja.

Siku Rukia aliporudi, nilimpokea na lile gari. Alitoka na mkokoteni wa mizigo, na juu ya masanduku kulikuwa na kitu kipana cha duara, kimefungwa kwenye leso. Tulikumbatiana. Halafu akanikabidhi. Nikafungua. Kifuniko cha shaba, kizito, chenye mkono, cha kipimo cha sufuria la mamangu. Alikuwa amekizungukia mafundi wa Mombasa mpaka akapata wa kukifua, huku anamuuguza mama yake, huku anajua niliyomfanyia.

Nikasema, "Wifi, mimi ndiye wa kukulipa wewe."

Akauburuta ule mlango wa pembeni, ukakwaruza, akasimama kidogo akiusikiliza.

"Kile cha kwanza sikukipoteza mimi," akasema. "Ni kakako. Tulikuwa tunapakia vyombo pale Bowie, simu yake ikalia, akakiweka juu ya paa. Tulifika nyumbani ndipo tulipokumbuka."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote ile.

"Alipokuwa hai ungemsema," akajibu. "Na alipokufa ungejisema wewe. Nikaona uniseme mimi, mimi nimezoea."

Akaweka mto wake juu ya kiti, akaingia kuendesha, akaliona lile ua kwenye dashibodi. Nikamwambia nitalitoa, nitatafuta dawa. Akasema nisiliguse. Mpaka leo lipo.

Kifuniko kipya nimekitundika jikoni na sijakitumia. Sufuria tunalifunika kwa sinia, vile alivyozoea Rukia, na wali ukikauka nakula nanyamaza.

Basi nyinyi wenye magari ya zamani, taa ikiwaka iacheni iwake, mwende nayo kituoni hivyo hivyo. Makaa yabaki nyumbani. Na mkiwa mnazungumza siri kwa Kiswahili nchi hii, tazameni kwanza nani ameinama dirishani. Lakini zaidi ya hayo nawaomba neno moja. Ukipoteza kitu cha mwenzako, mwambie siku hiyo hiyo. Na mwenzako akikipoteza chako, mwache apumue, maana huenda nyumbani kwako pia kuna soksi imefichwa chini ya kiti, na aliyeificha alikuwa anakuogopa wewe.